Shababi na Kayamba za Timbwani

Siku mliponiaga mliniomba niandike. Nilidhani ni heshima tu, maneno ya kumfariji mtu mzima anayerudishwa nyumbani, lakini mmoja wenu amenifuata mpaka Mtongwe na kunikabidhi kalamu, basi sina pa kujificha. Nitawaandikia habari za kazi. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo muulizane wenyewe kwenye chai. Mimi nitasema farasi, na hasa farasi mmoja, kwa sababu kila mgeni anayefika bandani huuliza kuhusu zile picha ukutani, nanyi humwambia mambo nusu nusu. Nimewasikia. Kuna mmoja wenu aliyemwambia mtalii kwamba Shababi aliogelea kutoka Likoni mpaka kisiwani. Shababi alivuka kwa feri kama watu wote, isipokuwa kwa makelele zaidi.

Nilianza kama mkata majani. Wakati huo Bwana Mansur, mwenye banda, alikuwa na malori Changamwe na farasi Timbwani, na watu walisema malori yanafanya kazi ili farasi wapate kula. Mimi nilikuwa mama wa watoto wadogo, nikikata majani upande wa Mtongwe na kuyaleta kichwani. Siku moja saisi mmoja, mtunza farasi, hakuja kazini. Mzee Athumani, aliyekuwa mkubwa wa masaisi, alinitazama nikitua mzigo wangu akaniuliza, "Mwanangu, waogopa farasi?"

Nikasema siogopi. Nilikuwa naogopa sana. Akanipa burashi na kunionyesha farasi jike wa kijivu aliyesimama kwenye chumba cha mwisho, macho nusu yamefumba, mpole kabisa kwa kumtazama. Alinisubiri niiname kuokota burashi iliyoniponyoka, akaniuma begani bila haraka yoyote. Mzee Athumani hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wake, akamshika yule jike sikio na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo si adabu. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ile ile.

"Nawe, usimpe mgongo mtu hujamwamkia."

Tangu siku hiyo sijaingia chumba cha farasi bila kusalimu. Mlikuwa mkinicheka, najua, mkiniigiza nyuma ya mlango. Hesabuni makovu yenu kisha mje mtazame yangu, ambayo ni lile moja tu.

Mzee Athumani alikuwa Mdigo wa hapa hapa Likoni, mwembamba, kikoi chake safi hata baada ya kufagia vyumba vyote, na mtu wa kuchagua kama bibi harusi. Chai iwe na iliki. Kikombe kiwe chake. Mtu asipige mluzi bandani, kwa sababu farasi huzoea mluzi halafu kila mpita njia anakuwa bwana wao. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima miguu ya farasi kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, maana kiganja cha mwanamke wa jikoni kimezoea moto na kitamdanganya. Alinifundisha kunusa nyasi kavu kabla ya kuzigawa, kwa ajili ya ukungu wa huku kwetu, na kumwogopa farasi asiyetoka jasho kuliko anayepiga mateke. Anayepiga mateke atakuumiza wewe. Asiyetoka jasho kwenye joto la Pwani anakufa yeye.

Zaidi ya yote alinifundisha maji. Saa ya bandani kwetu haikuwa ukutani, ilikuwa baharini. Maji yakikupwa mchanga wa Timbwani hubaki mgumu kama sakafu, na hapo ndipo farasi hukimbizwa. Maji yakijaa hakuna kazi ya mbio, hata kama mwenye banda amekuja na wageni wake kutoka Nairobi wamevaa miwani. Tulianzia kwenye minazi ya chini, mahali pakimya, kwa kuwa mwamba wa mbali huvunja mawimbi na maji ya ndani yanalala. Tulimalizia pale mwamba ulipokatika, ambapo mawimbi hupenya na kuvuma mchana kutwa. Mzee Athumani alisimama pale pale penye mvumo, kikoi amekikunja, maji yanamfika magotini. Farasi akifika anapunguzwa mwendo, anageuzwa, anaingizwa baharini mpaka kifuani. Chumvi na ubaridi wa maji ni dawa ya miguu. Hakuna banda lingine la mbio lililokuwa na bahari mlangoni, nasi tulijivunia utaratibu wetu kupita kiasi.

Sasa Shababi. Alizaliwa shamba moja huko bara na kuletwa kwetu akiwa bado hajapandwa, dume mwekundu wa kung'aa, na alama nyeupe kwenye paji la uso. Katika vyeti alikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyelitumia. Kwenye feri alisimama ndani ya lori la Bwana Mansur akilia kwa sauti iliyowatoa watu kwenye simu zao. Mwanamke mmoja mwenye kapu la samaki aliniuliza huyo ni nyumbu au ni nini. Nikamwambia ni farasi wa mbio. Akamtazama tena, akatazama feri ilivyokuwa ikijikokota, akasema, "Basi kamshusheni asukume."

Mzee Athumani ndiye aliyempa jina. Tulimfungulia chumba, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji, akainamisha kichwa na asinywe. Alikaa anajitazama. "Shababi," akasema Mzee Athumani. "Kijana yuwajua kuwa ni mzuri. Mbodze, huyu ni wako," akaniambia.

Nilimpenda, na sioni haya kuliandika. Nilikuwa na watoto wangu na niliwapenda watoto wangu, lakini watoto hawasikii hatua zako kutoka barabarani na kuanza kugonga mlango kwa furaha. Shababi alisikia. Masikio yake yalikuwa yanafanya kazi wakati wote, moja mbele, moja nyuma. Na kitu alichokipenda kuliko chakula kilikuwa kuoga. Akikimbizwa kutoka minazini, ule mvumo wa mwamba ukianza tu kusikika, masikio yote mawili yanasimama, anapunguza mwendo mwenyewe, anageuka mwenyewe, anamfuata Mzee Athumani majini na kuanza kupiga maji kwa mguu wa mbele kama mtoto kwenye beseni. Tuliwaambia watu tazameni akili ya mnyama huyu, hahitaji hata kuvutwa hatamu. Kumbukeni maneno hayo.

Wakati wa mbio zake za kwanza nilikwenda naye Nairobi kwa lori. Mzee Athumani hakwenda. Alisema Nairobi kuna baridi na chai yao ni maji ya kuoshea vikombe, lakini sababu hasa ilikuwa feri. Mtu wa Likoni, amezaliwa Likoni, na aliogopa feri. Hilo alilificha vizuri sana kwa kutovuka.

Joki, mpanda farasi wetu wa mbio, alikuwa Kamau, kijana mfupi, mchangamfu, mwenye mikono myepesi, aliyekuwa akishuka Timbwani mara kwa mara kumzoea farasi. Vizimba vilipofunguka Shababi alitoka kama aliyesikia nyumba yake inaungua. Kwenye kona alikuwa ameshawaacha wenzake mbali hata watu wengine wakaanza kucheka. Bwana Mansur alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Wakaingia ile njia ya mwisho iliyonyooka mbele ya jukwaa, na jukwaa zima likasimama na kupiga kelele.

Shababi akainua masikio. Akapunguza mwendo. Akageuka kwa adabu, akatembea mpaka kwenye uzio chini ya jukwaa na kusimama pale, shingo ameinamisha. Kamau alikuwa anapiga kelele, anasukuma, anavuta. Hakusogea. Wenzake walimpita mmoja mmoja kama watu wanaompita mtu aliyesimama kununua mahindi ya kuchoma.

"Mathee, wallahi si mimi," Kamau aliniambia tulipomfuata. Neno wallahi alikuwa amelichukua kwetu. "Huyu jamaa ameshuka stage yake."

Mara ya pili ilikuwa vile vile. Mara ya tatu walimvisha vizuizi vya macho, ili asione kitu pembeni. Akageukia kule kule bila kuona. Watu wa jukwaani walishamjua, wakawa wanamngojea, na alipofika kwenye uzio, mmoja wao akampungia mkono.

Bwana Mansur hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa kidogo tu. Alichunguza ule uwanja na kugundua kwamba nyuma ya ule uzio, kando ya jukwaa, ndipo farasi wanapotembezwa kabla ya mbio, majike wakiwemo. Akarudi Timbwani na jibu lake.

"Akili yake iko kwa majike," alituambia, mimi na Mzee Athumani, tumesimama mlangoni kwa Shababi. "Nimezungumza na daktari wa mifugo. Atakuja wiki ijayo amhasi, atulie. Asipotulia hata hivyo, kuna watu upande wa Kisauni wanatafuta farasi wa kupandisha watalii ufuoni."

Nataka mnielewe. Kuhasi farasi si ukatili, na farasi wengi hodari wamehasiwa wakakimbia vizuri zaidi. Lakini baba yake Shababi alikuwa ameshakufa, na Shababi alikuwa dume la mwisho la damu ile hapa nchini. Tena nilikuwa nimelala na kuamka na mnyama yule muda mrefu, na nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba hakuwa akitazama majike. Alipita mbele ya yule jike wetu wa kijivu kila siku na kumwona kama ukuta. Nilijua si hilo, ila sikujua ni lipi, na hofu ya namna hiyo inauma kuliko jino. Mzee Athumani alikaa na kikombe chake mpaka chai ikaota ngozi juu. Hakuinywa.

Jumapili kabla ya siku ya daktari nilimtoa Shababi kumtembeza tu, tukapita njia ya nyuma ya kanisa. Kwaya ya akina mama ilikuwa nje kivulini ikijifundisha, wakiongozwa na Mama Upendo, jirani yangu wa Mtongwe, mwanamke mwenye sauti ya kuweza kusimamisha gari. Walikuwa na kayamba zao. Kayamba mnazijua, zile bapa za mabua, zenye mbegu ndani. Mama Upendo alinyanyua kidole na wote wakazitikisa kwa pamoja, shaaa, shaaa.

Masikio ya Shababi yakasimama. Aliniburuta. Alipita katikati ya sauti ya kwanza na ya pili, akina mama wakitawanyika na vitabu vyao vya nyimbo, akasimama mbele ya Mama Upendo, akainamisha shingo, na kuanza kupiga mchanga kwa mguu wa mbele.

"Mbodze," akasema Mama Upendo, amejikinga na kayamba kifuani, "huyu mnyama wenu ataka nini kwangu?"

"Sijui, mwenzangu. Nisamehe."

"Mie namuona kama mtoto aliyepelekwa msalani kuogeshwa. Kamwogesheni basi, mbona mwamtesa?"

Akatikisa kayamba tena, kwa mzaha. Shababi akafumba macho, akangoja maji.

Nilicheka mpaka nikakaa chini mchangani na kamba mkononi. Kisha nikaacha kucheka. Nikamwambia Mama Upendo atikise tena, na wote watikise, kwa nguvu, na wapige makofi juu yake na vigelegele. Wakafanya. Nikafumba macho mimi pia. Ilikuwa bahari pale mwamba ulipokatika. Na ilikuwa jukwaa la Nairobi.

Nilirudi bandani nikikimbia, farasi akinifuata nyuma kwa mshangao, maana kwa kawaida anayekimbia ni yeye. Nilimwamkia Mzee Athumani na kumweleza. Hakupenda.

"Kwa hivyo wasema ni mimi," akasema. "Mimi nimemharibu."

"Ni sisi sote, Mzee. Tumemfundisha kwamba mvumo ukianza, kazi imekwisha. Akisikia watu wanavuma anajua amefika."

Akamtazama Shababi, aliyekuwa bado ananusa ndoo akitafuta ile ahadi ya kuoga. Halafu uso wake ukafunguka, na mabega yakaanza kutikisika.

"Masikini ya Mungu," akasema. "Kumbe kule kote Nairobi alikuwa yuwanitafuta mimi."

Daktari alifika siku yake na mkoba wake. Bwana Mansur alifika naye, na alipoona kwaya nzima ya kanisa imejipanga ukutani mwa banda aliuliza kama kuna msiba. Mzee Athumani alimwomba jambo moja tu: achukue kayamba mwenyewe, asimame popote, aitikise. Bwana Mansur akaichukua kama mtu aliyepewa kitoto cha mwenzake, akaitikisa. Shababi akatoka kwangu, akamwendea, akainama mbele yake.

"Ameniinamia?" akauliza Bwana Mansur.

"Angoja umwogeshe, Bwana," akasema Mzee Athumani.

Daktari ndiye aliyeanza kucheka, halafu Bwana Mansur mwenyewe, na alipocheka alicheka kwa haki, mpaka akalazimika kuvua kofia. Wakajaribu kule nyuma ya banda, wakajaribu kando ya jike wa kijivu, kila mara Shababi akafuata kayamba na kumpuuza jike. Daktari akafunga mkoba wake na kusema kwa kuwa ameshafika atakunywa chai.

"Mbio moja," Bwana Mansur akasema. "Akipita jukwaa, atabaki dume maisha yake yote. Asipopita, daktari atarudi, na siku hiyo hatakuja kunywa chai."

Sasa sikilizeni sehemu hii vizuri, kwa sababu ndiyo kazi. Farasi humfuti jambo kichwani. Unamwekea jingine juu yake. Tulihamishia kuoga kwake Mtongwe, kwenye maji ya ndani yasiyo na wimbi, ambako hata mtu akikohoa ng'ambo unamsikia. Kuoga kukawa jambo la kimya. Kisha tukaipanga kwaya ufuoni, pale pale mwamba ulipokatika, na Mzee Athumani akasogea mbele zaidi, mbali na mvumo, akasimama na donge la sukari guru kiganjani.

Siku za mwanzo zilikuwa vichekesho. Shababi alikuja mbio, akasikia kayamba, akageuka na kujipanga na sauti ya tatu. Nilikuwa nimewaonya akina mama wasimguse, wasimtazame, waendelee kutikisa tu. Ni vigumu kutomtazama farasi anayekupumulia shingoni. Mama Upendo naye alikuwa na malalamiko yake, kwamba nimemwambia wapige kelele. "Sisi hatupigi kelele, Mbodze. Sisi ni kwaya." Basi waliimba sawasawa, na Shababi alijifunza kukimbia kwa nyimbo za sifa. Vijana wa timu ya mpira ya Timbwani walisikia, wakaja na ngoma zao na filimbi, bila kualikwa, na hao ndio waliopiga kelele hasa. Ikawa kila maji yakikupwa ufuo una watu kama sikukuu. Wauza mihogo walihamia kule.

Halafu kukawa na alasiri moja. Kamau alikuwa juu yake. Walitoka minazini, mvumo ukaanza, kayamba zikaanza, ngoma zikafuata. Shababi akainua masikio. Niliona shingo yake inaanza kugeuka. Mbele kabisa Mzee Athumani alikuwa amesimama, mdogo kama kijiti, mkono ameunyosha. Hakuita. Shababi akatazama kwaya, akatazama ule mkono, na nikaona mgongo wake unashuka na miguu inanyoshwa. Aliwapita kwa kasi iliyowatia mchanga mdomoni katikati ya ubeti. Akina mama waliacha wimbo na kuanza kumkimbilia, kayamba juu, na Mama Upendo, aliyesema wao si watu wa makelele, alisikika mpaka kwenye feri.

Mbio hizo alizotupa Bwana Mansur zilikuwa kabla ya Krismasi. Kwaya ilitusindikiza mpaka Likoni kivukoni. Mzee Athumani alikuja, safari hii. Alikuwa amevaa makoti mawili na joto la Likoni linajulikana. "Nisipokuwapo atanitafuta mpaka Naivasha," alisema, akapanda feri, akashika mlango wa lori kwa mikono yote miwili na kufumba macho mpaka kisiwani. Nilisimama karibu naye nikimwambia tumefika wapi. Sikumtania, ila nilijiwekea akiba ya baadaye.

Uwanjani alikataa kukaa na wenye farasi. Aliuliza nguzo ya mwisho iko wapi, akaenda kusimama kwenye uzio mbali kabisa kupita nguzo, peke yake na makoti yake, sukari guru mfukoni. Mimi nilibaki kando ya jukwaa, na nilikuwa nimeshika kanga yangu kwa meno.

Shababi hakutoka vizuri. Farasi mmoja alimbana mwanzoni, na kwenye kona alikuwa wa nne au wa tano, amefunikwa na wenzake. Wakaingia ile njia ya mwisho iliyonyooka. Jukwaa likasimama, na kwa kuwa walishamjua na walikuja kucheka, walimpigia yeye kelele kuliko wote. Masikio yakasimama. Moyo wangu ulisimama nayo. Nikaona kichwa kinaanza kugeuka upande wa uzio, upande wangu, na nikasema kwa sauti, kwa Kigiriama cha nyumbani, hapana baba, si hapa, pita.

Akapita. Sijui kama alinisikia na sidai hivyo. Ninachojua ni kwamba makelele yalivyozidi ndivyo alivyozidi, kana kwamba kila sauti ilikuwa inamwambia kuna kitu kizuri mbele. Alimpita wa tatu, akampita wa pili, na yule wa kwanza aliyekuwa amebana ukingo wa ndani, Shababi alimpitia nje karibu kabisa na nguzo. Kisha akaendelea. Kamau alikuwa amesimama kwenye vikanyagio akivuta hatamu na kucheka kwa wakati mmoja. Wenzake wote walishapunguza mwendo, wanarudi, na Shababi bado anakwenda, mpaka mahali penye mzee mwembamba wa makoti mawili, akasimama pale kwa breki zote na kuingiza pua mfukoni mwake.

Nilipofika Mzee Athumani alikuwa analia bila kujificha. "Mbodze, mwanangu," akasema, "hebu mpime miguu." Nikaipima, kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa ya baridi kama maji ya Mtongwe.

Yaliyofuata ndiyo yale ya kwenye picha. Alishinda tena, na tena, akashinda na zile mbio kubwa ambazo watu wa Nairobi huvalia kofia, na Bwana Mansur akaagiza kabati. Alishindwa pia, mara nyingine, hasa ikinyesha, maana hakupenda tope liguse uso wake. Lakini hakusimama tena mbele ya jukwaa. Joki wa mabanda mengine walimwambia Kamau awaombe watazamaji wanyamaze. Na alibaki dume. Yule Zuhali anayewapiga mateke kila asubuhi ni mjukuu wake, na nusu ya farasi mnaowapiga burashi wana lile paji jeupe. Mkiwakasirikia, kumbukeni kwamba wote wapo kwa sababu akina mama fulani walikuwa wanajifundisha wimbo nje kwa kuwa ndani kulikuwa na joto.

Mzee Athumani alifariki miaka kadhaa iliyopita, nyumbani kwake, amekunywa chai yake. Alinirithisha burashi, na kile kikombe, ambacho sijawahi kukitumia. Aliishi kuiona barabara mpya ya kupita Dongo Kundu, na alifurahi kuliko walioijenga. Alinimaliza kwa kusema hakuwahi kuogopa feri, alikuwa akiona tu inachelewesha watu.

Na Shababi mnamjua: mgongo umebonyea, macho yameota ukungu kidogo, mvi kwenye ile alama ya paji mahali palipokuwa peupe tangu mwanzo, kwa hiyo zimepotea kazi bure. Mlisema siku ya kuniaga nisimame naye kwenye uwanja wa banda kwa ajili ya picha. Bwana Mansur akasoma hotuba yake, ndefu, Mungu amzidishie afya. Kisha mkanipigia makofi, na Mama Upendo, aliyekuwa amekuja na kwaya yake ya sasa, akanyanyua kidole.

Nyinyi mlishangaa. Mimi niliona masikio yakisimama nikajua, nikaachia kamba. Mlidhani imeniponyoka. Mzee mzima yule aliwapita nyinyi, akaipita keki na viti vya kuazima, akatoka langoni kuelekea ufuoni, si kwa kasi ya zamani lakini kwa nia ile ile, na mkaanza kumkimbiza mkipiga kelele, mkizidi kumtia nguvu. Sherehe yangu ilikwishia hapo, na sikuona mtu aliyesikitika. Niliwafuata nyuma nimeshika viatu mkononi. Nilimkuta amesimama kupita kidogo pale mwamba ulipokatika, anahema, anageuza kichwa huku na huku. Nikamwamkia. Nikafungua pindo la kanga, nikampa donge la sukari guru nililokuwa nimelifunga asubuhi.

Sasa mimi niko Mtongwe, nanyi ndio mnaobaki naye. Burashi iko kwenye msumari wake, nyasi mzinuse, miguu mwipime kwa mgongo wa mkono. Na siku yoyote mtakayokuwa na jambo la kushangilia pale bandani, kabla hamjapiga makofi, mmoja wenu atangulie mbele akasimame.